Gundi ya Unga na Maneno ya Madam

Gundi ya unga ina harufu yake. Si ya uji, si ya chapati. Ni harufu ya ngano iliyopikwa bila chumvi wala mafuta wala nia ya kuliwa, na ikiingia puani haitoki upesi. Jana jioni niliipika kwenye sufuria ndogo kwa sababu binti yangu Shantel alitaka kubandika karatasi ukutani, na gundi ya dukani ilikuwa imekauka ndani ya chupa. Maji yalianza kuwa mazito, mvuke ukapanda, ikabidi nizime gesi nikae kwenye ndoo. Niliona miguu ya mama yangu, ile yenye unga kwenye nyufa za visigino, kama amesimama palepale kando ya jiko.

Mama amekufa. Nasema mapema ili msikae mkisubiri. Alikufa kabla ya mvua zilizopita, na tangu hapo nimebeba hasira ambayo watu wa kanisa wanaiita majonzi. Wananishika bega, wananiambia majonzi yatapungua. Haya si majonzi. Mimi najua tofauti.

Karatasi yenyewe ni ya manila. Shantel yuko gredi ya tatu, na mwalimu wao amewaandikisha vile viambishi vya Kizungu ambavyo kila mtu wa rika langu anavijua, "un-", "dis-", "mis-", "im-", kila kimoja na safu yake ya maneno. Mtoto aibandike mahali macho yanapoangukia akiamka. Hiyo si shida. Shida ni kwamba Shantel, ambaye mdomo wake haufungwi hata akiwa na ugali ndani, alikuwa amemaliza siku kadhaa bila kuniongelesha. Akitaka kitu anakionyesha kwa kidole. Nikimuuliza habari za shule anainua mabega. Nilimnyang'anya simu wiki iliyopita, kwa hivyo nikajua amenuna. Nikasema aache anune, atachoka.

Basi nikiwa pale juu ya ndoo, na sufuria inapoa, mtaa wetu wa Huruma wote ukanirudia.

Tulikaa ghorofa ya sita, chumba kimoja, mlango unaotazama mlango wa Mama Zaituni. Nyinyi mliokulia kwenye zile fleti mnajua: dirisha lako linatazama ukuta wa fleti nyingine, karibu kiasi cha kumpa jirani chumvi bila kushuka, na jua linapita hapo kama mtu mwenye haraka. Chini kabisa, mguuni mwa ngazi, ndipo mama alipokuwa akiuza chapati na madondo. Jiko la makaa, meza ya mbao, sufuria ya maharagwe inayochemka tangu asubuhi, na mama.

Mama alikuwa mtu wa mdomo. Asili yake Bungoma, lakini Nairobi ilikuwa imemwongezea lugha kama inavyomwongezea mtu madeni. Alinikemea kwa Kibukusu, akanisimulia kwa Kiswahili, na alipotaka kuiga vijana wa stendi aliingia Sheng mpaka shingo ikapinda. Aliniita "mayi". Kwao mayi ni mama, na mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo kwake nilikuwa mama. Nililichukulia kwa uzito wote. Nilikuwa namtuma maji.

Jioni alikanda unga wa kesho huku mimi nimekaa juu ya kitanda, miguu inaning'inia, na habari za siku zinamtoka kama mvuke.

"Mayi, leo kuna mzee amekula chapati akalamba vidole, akaniuliza kama nimeolewa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia akuulize wewe."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye mama yangu? Mahari italetwa hapo kitandani ulipokaa. Fikiria mapema unataka ng'ombe au unataka sofa."

Nilitaka sofa. Tukalipanga hilo sofa chumbani, tukaona halipiti mlangoni, mama akacheka mpaka akapaka unga kwenye jicho. Huyo ndiye mama ninayemkumbuka kwanza.

Halafu nikahamishiwa akademi. Mnazijua. Kuta za mabati zilizopakwa rangi ya samawati, lango lenye jina kubwa kuliko uwanja, na sweta ambalo lazima ulinunue kwao. Mama alisema shule ya serikali wamejazana na akademi wanaongea Kizungu mpaka chooni. Ilikuwa kweli. Tulikuwa tunaomba kwenda haja kwa sentensi kamili.

Mwalimu wetu wa Kizungu tulimwita Madam tu, kana kwamba madam wengine hawapo. Alinukia losheni ya maziwa, alikuwa na chaki za rangi zake mwenyewe, na dini yake ilikuwa vokabu. Katika insha za Madam hakuna mtu aliyeamka tu. Kila mtu aliamka ndege wakiimba na jua likitabasamu, hata sisi tulioamshwa na mashine ya kusaga unga ya jirani. Ukiandika "I was sad" alikipita kikaratasi chako kama kinanuka. Ukiandika "I was disconsolate" alikizungushia duara jekundu, akakusimamisha, darasa likakupigia makofi.

Alitufundisha vile viambishi kwa kuchora. Alichora neno likiwa na mwili bila kichwa, kisha akalivalisha kichwa. Haya, "kind" ni mtu mzuri. Mvike "un-", amegeuka, ni mtu mbaya. "Obedient" anasikia, mvike "dis-", hasikii. Tuliimba hayo maneno tukipiga madawati. Nilivipenda, sitadanganya. Nilikuwa mtoto, na mtu alikuwa amenipa vichwa vya kugeuza dunia. Nilikivalisha kila kitu. Chapati iliyoungua ilikuwa "unchapati". Nilimwambia mama hivyo, akacheka, akawasimulia wateja.

Kisha ikaja siku ya mkutano wa wazazi. Sisi watoto tulitolewa nje, lakini mabati yana matundu ya misumari, na mimi nilikuwa na tundu langu. Niliona kina mama kwenye madawati yetu, magoti yamewapanda mpaka kifuani. Niliona Madam ameshika karatasi anaisoma, na nikaitambua, ilikuwa insha yangu. Sikusikia neno. Ukuta wa pili kulikuwa na fundi wa kuchomelea madirisha, na mashine yake ya kukatia vyuma ilikuwa inapiga mayowe. Niliona tu vinywa. Wazazi walicheka. Mama naye alicheka, tena wa kwanza, kichwa nyuma, kile kicheko chake cha sofa. Kisha Madam akamwelekezea kalamu na kusema kitu. Kicheko cha mama kikakatika. Madam akaendelea kusema. Mama akainamisha kichwa, akaanza kujikwangua unga kwenye kucha, kidole baada ya kidole, mpaka Madam akamaliza.

Tulirudi nyumbani bila neno. Mlangoni akasimama, akaokota Kizungu alichokuwa nacho chote, akakiweka mbele yangu.

"Hapa ndani, English," akasema. "English tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Akanitazama. Nikasema, "Yes, Mum."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia, akaanza kukanda unga. Nikapanda kitandani, nikaninginiza miguu, nikasubiri. Hakuna kilichokuja. Alikanda mpaka akamaliza, akafunika beseni kwa kitambaa, akasema, "Sleep."

Alikuwa na maneno machache ya Kizungu, na hayo ndiyo niliyoishi nayo tangu siku hiyo. Eat. Bath. Book. Sleep. Good. Kuna mtu ana mbwa wa kulinda geti kule Donholm, siku hizi nampita nikienda kazini, na anamwongelesha mbwa huyo hivyohivyo. Sikuwa "mayi" tena. Ile sheria niliielewa kuwa ya mdomo wangu mimi. Haikunijia hata siku moja kwamba na yeye alikuwa ameuwekea mdomo wake. Mimi nilichoelewa ni kwamba nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wazazi, amenikasirikia, na hasira yake haina mwisho.

Na mngemsikia huko chini. Hapo ndipo paliponiua. Nikirudi shule naletewa chakula juu, "Eat", halafu anashuka. Nafungua dirisha, na kupitia lile pengo la fleti mbili sauti yake inapanda ghorofa sita.

"Mathe, nipee chapo mbili na madondo, na usininyime supu."

"Supu ni ya watu wenye meno. Wewe hayo ya mbele uliyaacha wapi?"

"Si niliyaacha kwa chapo yako ya jana."

Halafu kicheko. Kile cha kichwa nyuma. Nilikuwa nakaa dirishani na kitabu mapajani, nawachukia wanaume wa mkokoteni na mafundi na makanga wa matatu, wageni kabisa, wanaokunywa sauti ya mama yangu pamoja na supu. Kisha nasikia viatu vyake ngazini, anaongea na Mama Zaituni kwenye korido, anacheka bado, mkono unashika kitasa, na mdomo unafungwa. Niliuona ukifungwa. Kila siku, palepale mlangoni, kama mtu anayevua viatu.

Maneno ya Madam yalikuwa yanaongezeka ukutani. Kila wiki karatasi mpya, na kila Jumamosi mama alipika gundi ya unga, akazibandika kwa kiganja akianzia katikati kwenda pembeni, pasibaki hata povu la hewa. Hakujua zinasema nini. Alizipanga kwa unyoofu tu. Nililala nikizitazama, na mojawapo, juu ya mto wa mama, ilikuwa "unhappy".

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Madam alisema neno hugeuka kwa kuvikwa kichwa. Basi ukikikata kichwa, litarudi lilivyokuwa. Nilichukua wembe wa kuchongea penseli, nikapanda juu ya kitanda, nikakata "un" taratibu, nikavila vile vipande viwili vya herufi ili visirudi. Juu ya mto wa mama ikabaki "happy". Nikashuka nikasubiri apande ngazi.

Aliingia, akaona karatasi imekatwa. Alinitazama sana. Niliona mdomo wake unataka kufunguka, nikafikiri sasa, sasa ataniambia. Akageuka, akachukua sufuria, akapika gundi. Akatafuta karatasi nyeupe, akakata kipande cha ukubwa uleule, na kwa kuwa alikuwa ameiona ile karatasi kila siku, akachora "u" na akachora "n" kama mtu anayechora picha ya wadudu, akazibandika mahali pake.

"Book," akaniambia. Akimaanisha soma.

Sikumwekea chuki siku hiyo. Niliogopa. Nilifikiri hata dawa imekataa.

Madam alitupa insha kuhusu mama zetu, ya kusomwa siku ya wazazi. Lazima iwe na viambishi, tena vya kutosha. Niliandika kila kitu. Niliandika kwamba mama yangu ni "unfriendly" na "uncommunicative". Kwamba ni "dissatisfied" nami na sijui kwa nini. Kwamba ni "impossible" kumfanya acheke, anachekea wateja peke yao. Niliandika kwamba mimi najiona "unwanted" katika nyumba yetu. Mtoto wa darasa la tano aliandika hivyo, kwa mwandiko mzuri, akamkabidhi mtu mzima.

Karatasi ilirudi ina maduara. Kila kiambishi duara lake jekundu. Chini ameandika kwamba vokabu ni bora sana, niendelee hivyohivyo.

Hapo ndipo hasira yangu inapolala na kuamka. Si kwangu. Siombi msamaha kwa insha hiyo, nilikuwa mtoto na nilikuwa nalia kwa lugha pekee niliyoruhusiwa. Namzungumzia yule mwanamke aliyeisoma. Alijua Kizungu, si ndiyo ilikuwa kazi yake? Alisoma mtoto akisema hatakiwi nyumbani, akachukua kalamu, akatafuta vichwa vya maneno. Hakuniita kando. Hakuuliza, kuna nini kwenu? Alinichagua nisome wa kwanza.

Nikasoma. Mama alikuwa safu ya mbele, kitambaa kipya kichwani. Nilisoma nikimtazama yeye, kwa sababu ujumbe ulikuwa wake, na nilikuwa nimejipa tumaini la kijinga kwamba nikisema kwa Kizungu kigumu vya kutosha, kitampasua masikio kiingie. Wazazi wawili watatu wanaojua Kizungu waliangalia chini. Mmoja aliguna. Mama alikuwa ananifuata midomo, uso unang'aa kama amepakwa mafuta. Nilipofika "unwanted" nikanyamaza, na yeye, akidhani nimemaliza, akasimama akapiga kigelegele. Kirefu. Kilifika kwa fundi wa madirisha, akazima mashine.

Ile insha aliibandika juu ya kitanda, katikati ya maneno yote, kwa gundi ya unga. Wageni wakija anawaonyesha.

Mtihani wa darasa la nane niliufanya nikaupita vizuri. Jioni matokeo yalipotoka, mama alipanda ngazi mbio, akasimama mlangoni anahema, akasema, "Mayi." Akaanza kuongea, haraka haraka, Kiswahili na Kibukusu pamoja, mikono inaruka. Mimi nilikuwa nimekaa na kitabu. Niliinua kichwa, nikamjibu, "Yes?" kama karani wa benki. Nilikuwa nimekomaa kwa njia mbaya. Akamalizia sentensi yake polepole, akashuka kwa wateja. Nikaenda shule ya bweni. Nilirudi na cheti cha kidato cha nne na mimba ya Shantel, akatupokea sote wawili bila swali, na tukaishi kama wapangaji wanaoheshimiana. Maji yapo. Nimeacha ufunguo kwa Mama Zaituni. Mtoto amekula. Kibukusu kilikuwa kimenitoka kabisa. Kizungu nilibaki nacho, na nauza mapazia. Hakuna mteja amewahi kuniuliza tofauti ya "disinterested" na "uninterested". Wananiuliza kama yanafifia jua likiyapiga.

Kisha mama akaanguka akiwa jikoni kwake, huko chini kwa ngazi. Kiharusi. Wodini aliamka upande mmoja umekufa, na Kiswahili kimepotea. Kizungu chake cha mbwa wa geti kimepotea pia. Kilichobaki ni Kibukusu. Aliniangalia akasema maneno, akayarudia, akaanza kukasirika kwa sababu sielewi. Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja amevunjika nyonga, wa Kimilili, hukohuko Bungoma kwa kina mama. Nikamgeukia.

"Mama yangu anasema nini?"

"Wewe si binti yake?"

"Ndiyo."

Alinitazama, kisha akasikiliza. "Anauliza kama mtoto amemaliza mtihani."

"Mtoto gani? Wangu?"

"Sasa mimi nitajuaje, dada yangu? Ngoja." Akamuuliza. Mama akajibu, akaninyooshea ule mkono mzima. "Ni wewe. Anauliza kama umemaliza, ndio aongee. Anasema hataki kukuharibia."

Nilishika chuma cha kitanda. "Mwambie nimemaliza."

Akamwambia. Mama akafumba macho, mdomo ule ulioshuka upande mmoja ukajaribu kupanda. "Anasema Mungu asifiwe," yule mama akatafsiri. "Anasema imechukua muda."

Halafu mama akaongea. Mchana wote aliongea. Yule wa Kimilili alitafsiri kidogo, habari ya mvua ya kwao, habari ya mzee fulani na sofa, kisha dawa zikamzidi akalala, na sikuwa na moyo wa kumwamsha. Nikabaki peke yangu na mama yangu ananisimulia. Aliniita mayi kila baada ya maneno machache, hilo nilisikia. Alipunguza sauti pahali pa kupunguza. Kuna mahali alifika akacheka, kicheko kilichokatika nusu, nami nikacheka, kwa sababu mtu anayesimulia anahitaji mtu wa kucheka naye. Sikujua nacheka nini. Sijui mpaka leo. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameenda.

Kwenye matanga, tukiosha vyombo, Mama Zaituni ndiye aliyenieleza alichoambiwa siku ya mkutano. Alikuwepo kwa ajili ya mdogo wake Zaituni, dawati moja na mama. Madam alikuwa amesoma insha yangu yenye mathe na chapo ndani yake, wazazi wakacheka.

"Akamuuliza mamako, nyumbani mnaongea lugha gani? Mamako akasema, zote, Madam. Yule mwanamke akamwambia, hizo zote ndizo zinamharibia mtoto. Mimi namwosha hapa mchana, wewe unampaka matope jioni. Kama huna Kizungu cha kumwongelesha, afadhali umnyamazie mpaka amalize mtihani."

"Na wewe hukumwambia kitu, Mama Zaituni?"

"Nilimwambia, wallahi nilimwambia. Nikasema wee, mtoto anaharibika na kunyamaziwa, si kuongeleshwa. Akaniambia mwalimu amesomea. Alikuwa anakuja kwangu akishakulaza, analia kwa shela langu hili. Anasema maneno yamenijaa mpaka hapa, niyamwage wapi? Nikamwambia mwage kwangu. Ile mizaha yote ya wateja nilikuwa nasikia mimi."

Nikamuuliza kuhusu insha ya ukutani, kama mama alijua. Akasugua sufuria kwanza.

"Alimwita Zaituni amsomee, kwa vile alikuwa sekondari. Zaituni akaona yaliyomo, akamdanganya. Akasema, amekusifu, Mama. Mamako akamuuliza, sasa mbona unanisifu ukiangalia chini?" Akanipa sufuria nisuuze. "Hakumwuliza tena mtu."

Nilienda kuibandua ile karatasi. Haikubanduka. Gundi ya unga ikikaa miaka inakuwa ukuta. Nikaikwangua kwa kisu, ikatoka vumbi na maduara mekundu.

Madam nilimwona mwaka huu, sokoni, anachagua nyanya. Amezeeka vizuri. Nilimsimamisha. Nilikuwa na maneno, tena kwa Kizungu chake, yamepangwa. Alinitambua, akafurahi. "Wewe ndiye yule wa vokabu," akasema, akamgeukia mwuza nyanya, "huyu nilimfundisha mimi." Akaniuliza mama hajambo. Nikamwambia amekufa. Akasema pole sana, mamako alikuwa mzazi wa kusikia mambo, si kama hawa wa siku hizi. Nilitoka pale nikiwa nimeziponda nyanya zangu ndani ya mfuko.

Basi jana, gundi ilipopoa, niliinuka kwenye ndoo. Shantel alikuwa amesimama na karatasi yake, anangoja. Niliibandika, katikati kwenda pembeni. Nikamuuliza, bila kumtazama, "Bado umeninunia kwa sababu ya simu?"

Akatikisa kichwa.

"Sasa ni nini? Hata jana umekula kama bubu."

Akaangalia mlango kama kuna mtu anayesikiliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mum, Ticha amesema tukiongea Kiswahili na nyinyi huko nyumbani, mtatuharibia English. Amesema kama mzazi haongei English tunyamaze."

"Mimi naongea English."

"Lakini hukuwa unaongea," akasema. "Ulikuwa unaongea tu vile unaongea. Nikaona ninyamaze bila kukwambia, nisikuumize roho."

Alisema hivyo, mtoto wa gredi ya tatu. Nisikuumize roho.

Nilinawa ile gundi mikononi. Kesho asubuhi naenda kwa huyo mwalimu, na sitapanga maneno, na sitaangalia chini. Lakini hiyo ni kesho. Jana nilivuta ndoo, nikaigeuza vizuri, nikamwonyesha kitanda, pale ambapo mtu akikaa miguu inaning'inia.

"Kuja hapa, mayi."

"Mayi ni nani?"

"Ni wewe. Panda hapo, keti, nikuharibu." Nikaanza na yule mzee aliyelamba vidole.